Mashine ya kwanza ya kukereza bakuli: acheni kuniuliza hospawa

Juzi nimeulizwa tena kuhusu hospawa, yaani kipimo cha nguvu ya mota, na safari hii muulizaji alikuwa ameshatoa arbuni: "Fundi, hii ya hospawa moja na nusu si inatosha bakuli?" Nikamuuliza mwendo wake wa chini kabisa ni mizunguko mingapi kwa dakika. Hakujua. Muuzaji hakumwambia, naye hakuuliza, maana watu wamezoea kuipima mashine ya kukereza, ile inayouzungusha mti ukiuchonga kwa patasi, kama wanavyopima injini ya boti: hospawa nyingi, mashine nzuri. Nimelijibu hili kwa mdomo mara nyingi mno, sasa naliandika.

Anayekereza miguu ya meza anaanza na mti mwembamba ulionyooka. Kasi inamfaa. Wewe wa bakuli unafunga nusu gogo lililotoka kwenye msumeno wa mnyororo: huku gamba, huku kona, na mara nyingi bado ni bichi, maji yamejaa upande mmoja kuliko mwingine. Adui yako wa kwanza ni uzito usiolingana, na uzito huo hautulizwi na ukubwa wa mota.

Tupige hesabu. Tuseme upande mmoja umezidi gramu 200, sentimita 12 kutoka katikati. Kwa mizunguko 300 kwa dakika, gramu hizo zinaivuta shafti, mhimili unaouzungusha mti, kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 2 na nusu. Mashine inatikisika kidogo, unaendelea na kazi. Pandisha hadi 750: sasa gramu zilezile zinavuta kama kilo 15, na mvuto huo unazunguka pande zote mara 750 kila dakika. Mwendo umeongezeka mara mbili na nusu tu, lakini mvuto umeongezeka zaidi ya mara sita, kwa kuwa unakua kwa mraba wa mwendo. Na gramu 200 ni kipande cha gamba cha kujaa kiganjani.

Mashine nyingi ndogo za puli za ngazi peke yake, yaani zinazobadili mwendo kwa kuhamisha mkanda kutoka puli moja hadi nyingine, huanzia mizunguko 500, nyingine 700 na zaidi. Mwanafunzi wangu mmoja alinunua ya namna hiyo. Tulifunga kipande cha inchi 11, tukasogeza mkia, ile sehemu ya mashine inayoshika mti kwa upande wa pili, ukakibana, akawasha. Mashine ikaanza kutembea sakafuni pamoja na meza yake, egemeo la patasi, chuma cha kulazia patasi ukichonga, likalegea na kugeuka lenyewe, nami nikairukia swichi. Mota haikuwa na kasoro yoyote. Tuliyoikosa ni njia ya kuanza polepole.

Kuna kanuni inayotajwa kila mahali: zidisha kipenyo cha inchi kwa mizunguko, jibu liwe kati ya 6000 na 9000. Kwa bakuli la inchi 12 unapata mizunguko 500 hadi 750. Ninaitumia, lakini siiamini moja kwa moja. Kanuni haijui ufa uliojificha, haijui fundo, haijui gamba linalongoja kubanduka, na wanaoifundisha husahau kusema kwamba inafaa kipande kikishalingana. Mimi inchi 12 mbichi naianza chini ya 250. Napandisha taratibu hadi kiganja changu juu ya kichwa cha mashine, panapokaa shafti, kisikie mtetemo, kisha narudi nyuma kidogo. Kwa hiyo tafuta mashine inayoshuka hadi 250 au chini zaidi. Ikifika 100, utaishukuru wakati wa kupiga msasa.

Hapa ndipo ninapojibiwa: "Hii ina kitufe cha kubadili mwendo kwa umeme, basi yamekwisha." Hayajaisha! Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu hata wenye uzoefu wanalirudia. Nguvu ya mota ni msokoto, yaani ukali wake wa kuzungusha, mara mwendo. Ukipunguza mwendo kwa kitufe peke yake, msokoto unabaki karibu uleule, kwa hiyo kwenye robo ya mwendo unabaki na robo ya nguvu. Ile hospawa moja na nusu uliyoilipia sasa haifiki hata nusu hospawa. Lakini ukihamisha mkanda kwenye ngazi ya mwendo wa chini, mota inaendelea kuzunguka kwa kasi yake, nguvu inapotea kidogo sana, na msokoto kwenye shafti unaongezeka. Utalijua hili ukiwa ukingoni mwa bakuli, inchi 6 kutoka katikati, ambako bobari yako, patasi yenye mfereji, ni kama mtu anayeshikilia gurudumu kwa nje: bobari inauma, mkanda unalia, mti unasimama. Mwanagenzi anakimbilia kutafuta mota kubwa, kumbe mkanda uko kwenye ngazi ya mwendo wa juu. Tena mota nyingi zinapozwa na feni iliyo kwenye shafti yao wenyewe, kwa hiyo ukizikokota polepole kwa muda mrefu zinachemka. Unataka vyote viwili, kitufe na puli za ngazi mbili au tatu. Ukivipata, hospawa moja inatosha bakuli la inchi 12. Nimefanya hivyo miaka mingi.

Uzito wa mashine nao ni muhimu. Chagua kitanda, ule mwili mrefu unaobeba sehemu nyingine, kiwe cha chuma cha kusubu, na mifuko ya mchanga kwenye rafu ya chini ya meza inasaidia kweli. Kuhusu kuifunga kwa bolti sakafuni, nimejaribu kufunga na kutofunga, na mpaka leo nayumba. Ikifungwa haitembei, lakini mtikisiko wote unarudi kwenye beringi.

Dukani, mashine ikiwa imezimwa, shika ncha ya shafti uisukume mbele na nyuma, juu na chini. Ikicheza hata kidogo, ondoka. Kisha vuta egemeo la patasi hadi mwisho wake na ulikandamize kwa uzito wa mwili. Ncha ikizama huku unaiona, kulegea huko ndiko kutakakoacha mistari ndani ya kila bakuli.

Mengine kwa haraka. Usilipie kitanda kirefu, bakuli halina urefu. Mashine inayotangazwa kuwa ya inchi 12 nayo itakupa bakuli la inchi 10 kwa raha, kwa sababu kitako cha egemeo lazima kipite chini ya mti. Kichwa kinachogeuka ni neema, hutainama juu ya kitanda ukichimba ndani. Uzi wa shafti uwe wa kawaida, kama M33 (kipenyo cha milimita 33), ili kishikio cha meno manne, kile kinachobana mti kwenye shafti, kipatikane bila taabu. Na bakiza fedha za kishikio hicho, bobari nzuri, mashine ya kunolea na ngao ya uso mzima, maana miwani peke yake haizuii kipande cha gogo.

Jambo la mwisho ni kimo. Katikati ya shafti pafike kwenye kiwiko chako ukiwa umesimama na viatu vya kazi. Yangu niliinua sentimita 7 kwa vipande vya mbao ngumu, na kiuno kilichokuwa kikiniuma kila jioni kiliacha kuuma wiki hiyohiyo.