Ndimu na kitunguu saumu havizibui mishipa ya shingo

Ujumbe ule umerudi tena kwenye magrupu ya hapa Dodoma: chemsha ndimu na kitunguu saumu, kunywa kikombe kila asubuhi, mishipa ya shingo itazibuka na kiharusi utakisikia kwa wenzio.

Si kweli. Mafuta yanayoziba mishipa hiyo hayajaganda juu juu kama ukoko wa ugali kwenye sufuria. Yamejijenga ndani ya ukuta wenyewe wa mshipa, yakachanganyika na makovu na chokaa, kwa miaka mingi. Ndimu huishia tumboni, ikameng'enywa kama chakula kingine.

Naelewa watu wanakochanganyikiwa: ndimu inakata mafuta kwenye vyombo, kila mtu kaona. Tena mshipa huziba kimya kimya, hivyo mnywaji asiyeumwa popote hudhani kapona.

Anayetaka uhakika apime presha, sukari na kolesteroli. Daktari akiona haja, altrasaundi ya shingo huonyesha mshipa ulivyo. Ukikutwa na mafuta hayo kwenye mishipa ya shingo, huenda hata mishipa ya moyo inayo.

Kitunguu kwenye mboga hakina shida (mimi mwenyewe nakipenda). Shida ni mzee anayeacha vidonge vya presha kwa sababu ya ujumbe. Ukikufikia, tafadhali usiusambaze, na aliyekutumia mwambie taratibu, faraghani.