Bidhaa za kati: kwa nini simu ya Vietnam ina matumbo ya China

Soma maandishi madogo kwenye boksi la simu ya Samsung, huenda ukakuta imetengenezwa Vietnam. Si uongo, ila ni nusu ya habari. Nusu nyingine imo ndani ya simu: vipuri vilivyovuka mipaka kabla ya kuunganishwa. Vipuri hivyo ndivyo wachumi wanaviita bidhaa za kati.

Bidhaa ya kati ni kitu kinachonunuliwa ili kitumike kutengeneza kingine cha kuuza. Unga anaonunua mama lishe ni bidhaa ya kati. Unga uleule, ukinunuliwa wa ugali wa nyumbani, ni bidhaa ya mwisho. Unga haujabadilika, aliyebadilika ni mnunuzi.

Ukiisahau tofauti hiyo, biashara ya Asia itakuchanganya. Mwaka 2018 Marekani ilianza kupandisha ushuru wa bidhaa za China, na kampuni nyingi zikahamishia kazi ya kuunganisha Vietnam. (Samsung iliwatangulia: kiwanda chake cha Bac Ninh, huko Vietnam, kilianza kazi 2009, na cha mwisho cha simu huko China, mjini Huizhou, kilifungwa 2019.) Mauzo ya Vietnam kwa Marekani yakapaa. Lakini manunuzi yake kutoka China nayo yakapaa. China haikuondoka, ilirudi hatua moja nyuma ya pazia. Mwaka 2020 nchi za ASEAN (jumuiya ya Asia ya Kusini-Mashariki, Vietnam ikiwemo), zikiwa 10 wakati huo, ziliupita Umoja wa Ulaya na kuwa mshirika mkubwa kuliko wote wa kibiashara wa China.

Hesabu zenyewe zina mtego. Tuseme vipuri vya dola 70 vinatoka China, vinaunganishwa Bac Ninh, na simu inauzwa nje kwa dola 100. Forodha ya China iliandika 70, ya Vietnam inaandika 100. Jumla ni 170, kwa simu moja ya dola 100! Vietnam yenyewe imeongeza thamani ya dola 30 tu, na ndiyo maana mimi takwimu za mauzo ya nje peke yake hazinitishi.

Mkataba wa RCEP, wa biashara huria kati ya nchi za Asia na Pasifiki, uliotiwa saini na nchi 15 mwaka 2020 na kuanza kazi Januari 2022, umeupa mtindo huu nguvu: kipuri cha mwanachama mmoja huhesabiwa kama cha mwanachama mwenzake anayekitumia, katika kanuni za uasili wa bidhaa, yaani zile zinazoamua bidhaa ni ya nchi gani. India ilijitoa kwenye mazungumzo 2019, ikihofia kufurikwa na bidhaa za China. Hata hivyo, simu za iPhone zinazounganishwa Tamil Nadu, jimbo la kusini mwa India, bado zina vipuri vya China.

Indonesia ilishika njia nyingine. Januari 2020 ilipiga marufuku kuuza nje mawe ghafi ya nikeli, madini ya kutengenezea chuma cha pua na betri: anayeyataka aje ayeyushe hukohuko. Viwanda vikajengwa kweli, Morowali katika kisiwa cha Sulawesi, na vingi ni kwa mtaji wa China.