Kipimo cha mbegu kushika yai: kinapima nini hasa?

Majibu ya kipimo cha manii huja na namba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaweka viwango vya chini vya kulinganishia: mbegu milioni 16 kwa kila mililita, asilimia 42 ziwe zinacheza, na angalau asilimia 4 ziwe na umbo la kawaida. Anayevuka viwango hivyo huambiwa hana tatizo, na mara nyingi ni kweli hana. Lakini wapo wanaume ambao namba zao zinaridhisha, wake zao wamepimwa na kuonekana wazima, kisha mayai na mbegu vikalazwa pamoja kwenye kisahani cha maabara, na kesho yake hakuna hata yai moja lililorutubishwa. Kuhesabu mbegu hakuwezi kueleza jambo hilo. Inabidi kutazama zinafanya nini zikishafika kwenye yai.

Vipimo vya mbegu kushika yai ndivyo vinavyotazama hapo. Yai la binadamu lina upana wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, na limefunikwa na ganda laini la protini zenye sukari liitwalo zona pelusida. Mbegu haiingii kwa nguvu ya mkia peke yake. Kwanza hujishikiza kwenye ganda. Mshiko huo huamsha akrosomu, kifuko cha vimeng'enya kilicho kichwani mwa mbegu, nacho hupasuka ili mbegu ipenye. Ndani ya ganda inakutana na utando wa yai lenyewe, na huko mshiko ni mwingine: protini ya mbegu iitwayo Izumo1 hukamatana na protini ya yai iitwayo Juno, jozi iliyothibitishwa mwaka 2014. Ugumba wa mwanaume unaweza kujificha kwenye hatua yoyote kati ya hizo, na darubini ya kipimo cha kawaida isione kitu.

Kipimo maarufu zaidi katika kundi hili ni cha hemizona, yaani nusu ganda. Kilibuniwa Norfolk, jimbo la Virginia nchini Marekani, na kuchapishwa mwaka 1988. Yai hukatwa katikati kama chungwa, kwa kisu kidogo kinachoongozwa na mashine chini ya darubini, na vilivyomo ndani husukumwa nje mpaka yabaki maganda mawili yanayolingana. Nusu moja huwekwa kwenye tone lenye mbegu za mgonjwa. Nyingine huwekwa kwenye tone lenye mbegu za mwanaume ambaye uwezo wake wa kuzalisha umethibitishwa. Matone hukaa kwenye joto la mwili kwa saa 4. Kisha mtaalamu anavuta na kutoa kila nusu kwa pipeti nyembamba mara kadhaa ili mbegu zilizogusa tu zidondoke, halafu anahesabu zilizong'ang'ania upande wa nje.

Hesabu yake ni nyepesi. Mgonjwa akiwa na mbegu 24 zilizoshika, na mwenzake wa kulinganishia 96, faharasa, yaani mbegu zake zikigawanywa kwa za mwenzake, ni asilimia 25. Maabara nyingi ziliweka mpaka kwenye asilimia 30 au karibu na hapo. Chini yake, uwezekano wa mayai kurutubishwa kwenye kisahani huwa mdogo. Uzuri wa kukata yai moja badala ya kutumia mawili ni kwamba mayai hayafanani: moja linashikwa na mbegu nyingi, jingine chache. Nusu mbili za yai moja zinamaliza ubishi huo. Watafiti wa Melbourne, Australia, walifika kwa njia nyingine. Wao walipaka mbegu za wanaume wawili rangi mbili tofauti zinazong'aa, wakazichanganya na kuziachia mayai yale yale, kisha wakahesabu kila rangi.

Mayai yenyewe ndiyo kikwazo. Mbegu za binadamu huchagua sana: haziwezi kushika ganda la yai la panya wa maabara, kwa hiyo lazima yapatikane mayai ya binadamu. Hutumika yale yaliyoshindwa kurutubishwa kliniki, au yaliyotoka kwenye ovari zilizoondolewa kwa upasuaji, kwa idhini ya wenyewe. Yanaweza kuhifadhiwa kwenye maji ya chumvi kali. Yai hufa, lakini ganda linabaki na uwezo wake wa kushikwa.

Kingine kilichopunguza hamu ya kipimo hiki ni tiba yenyewe. Mwaka 1992 madaktari wa Brussels walitangaza mimba za kwanza zilizopatikana kwa kudunga mbegu moja tu kwa sindano hadi ndani ya yai. Sindano inaruka ganda, inaruka na utando. Kliniki nyingi zikaona hakuna haja tena ya kuuliza kama mbegu inaweza kushika. Mimi naona swali limeachwa mapema mno, kwa sababu jibu linasaidia kuchagua: mwenye mshiko dhaifu aende kwenye sindano tangu mzunguko wa kwanza, asipoteze mayai ya mkewe na fedha kwenye kisahani. Hata hivyo, kama mmeshaamua kudunga kwa sababu nyingine, kulipia kipimo hiki hakutabadilisha lolote. Mwongozo wa 2010 wa Shirika la Afya Duniani wenyewe ulikiweka kwenye sura ya vipimo vya utafiti, si vya kila siku.

Siku hizi kuna kliniki zinazotangaza kipimo chenye jina la kukaribiana, ambacho mbegu hushikishwa kwenye kioo kilichopakwa asidi ya haialuroni, kitu kilichomo kwenye ute unaozunguka yai. Hakihitaji yai, ndiyo maana ni rahisi kukipata. Kinachoonyeshwa hapo ni ukomavu wa mbegu, wala si uwezo wa kushika zona. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019, uliochagua mbegu za kudunga kwa njia hiyo, haukuona ongezeko la watoto waliozaliwa wakiwa wametimiza miezi.