Vitabu vya maktaba ya shule viende nyumbani

Kwenye mikutano ya wazazi swali linalonijia kila mara ni hili: "Mwalimu, mtoto anasoma bila kukwama, mbona ukimwuliza amesoma nini hana jibu?" Mimi ni mwalimu wa maktaba katika shule ya msingi hapa Morogoro, na swali hilo ndilo linaloongoza kazi yangu yote. Mzazi anayeliuliza ameona jambo la kweli.

Tahajia ya Kiswahili ni nyepesi. Irabu ni tano tu, kila moja ina sauti yake ile ile popote ilipo, na mtoto akishazoea ba, be, bi, bo, bu na nyinginezo anaweza kutamka karibu neno lolote. Ni bahati ambayo mtoto anayeanzia Kiingereza hana. Lakini ndiyo maana mtoto wa Darasa la Pili anaweza kusoma kwa sauti habari ya gazetini kuhusu bajeti ya serikali, nyumba nzima ikampongeza, kumbe hajaelewa hata sentensi moja.

Ugumu wa Kiswahili uko kwenye urefu wa vitenzi. Chukua neno "hawakumwambia". Lina silabi sita, na ndani yake mna watu waliokaa kimya, wakati uliopita, mtu aliyefichwa habari na tendo lenyewe. Mtoto anayesoma silabi moja moja, ha… wa… ku…, akifika mwisho wa neno ile "ha" ya mwanzo imeshamtoka kichwani, na hiyo "ha" ndiyo iliyobeba kukanusha. Kwa hiyo anabaki na habari iliyo kinyume na ile iliyoandikwa: anadhani walimwambia. Nimewasikia watoto wengi wakisimulia hadithi ikiwa imegeuka kabisa, na sababu ilikuwa silabi moja.

Dawa yake ni wepesi wa kusoma. Jicho lishike neno zima kwa mara moja, akili ibaki huru kufuata habari. Wepesi huo haupatikani kwa kukariri chati ya silabi. Unapatikana kwa kusoma kurasa nyingi, rahisi, zinazopendeza, siku baada ya siku. Tangu 2015 mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili umewekea mkazo stadi za KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na walimu wa madarasa hayo wanafanya kazi kubwa. Ila piga hesabu: kipindi cha dakika 30 chenye watoto 60, kila mmoja akisoma kwa sauti kwa zamu, ni nusu dakika kwa mtoto. Nusu dakika haimjengi msomaji. Kurasa nyingi zinazobaki lazima zisomwe kwingine, na kwingine huko ni nyumbani.

Ndipo tunapogonga kabati lililofungwa. Nimetembelea shule zenye vitabu vizuri vya hadithi ambavyo bado vinanukia wino, vimepangwa nadhifu ndani ya kabati, ufunguo uko mfukoni mwa mwalimu mkuu. Simlaumu haraka. Vitabu ni mali ya shule, vimepigwa mhuri, vimeandikwa kwenye leja, na siku ya ukaguzi ataulizwa kimoja kimoja. Anachohitaji ni kulindwa. Pelekeni jambo hili kwenye kamati ya shule, mkubaliane na kuandika kwenye kumbukumbu za kikao kwamba vitabu vya hadithi vitaazimwa, vitachakaa, vingine vitapotea, na kila mwaka vilivyochakaa vitaorodheshwa. Karatasi hiyo moja inafungua makabati kuliko semina nyingi nilizohudhuria.

Kuazimisha kwenyewe hakuhitaji kompyuta. Sisi tuna daftari kubwa lenye mistari: jina la mtoto, darasa, namba ya kitabu, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha. Kila darasa lina siku yake. Kwenye uti wa kila kitabu kuna kipande cha karatasi ya rangi: kijani ni vile vyenye picha na maneno machache kwa ukurasa, njano vina sentensi fupi, nyekundu vina aya, bluu ni hadithi ndefu. Mtoto hafungwi kwenye rangi moja. Namfundisha kujipima mwenyewe: fungua ukurasa wowote katikati, soma, na kila neno usilolijua kunja kidole kimoja. Vidole vitano vikikunjika kabla ukurasa haujaisha, kitabu hicho bado kigumu kwake. Akikipenda sana hata hivyo, aende nacho, mtu mzima amsomee.

Faini hatutozi, na nitaitetea hoja hii mbele ya mtu yeyote. Mzazi anayehesabu shilingi akisikia kitabu kikichanika atalipa, atamwambia mtoto, "Usiniletee hicho kitabu humu ndani." Atakuwa na haki, na mtoto atakuwa amekosa kitabu. Badala ya faini tuliwaomba kina mama wanaoshona watushonee mifuko ya vitambaa yenye kifuniko, kila mtoto wa madarasa ya chini ana wake. Mvua ya masika hapa chini ya Uluguru si ya kutania, na mfuko umeokoa vitabu vingi. Kilichochanika kinarudi kwangu, tunakibandika na mtoto mwenyewe kwa gundi na solotepu, naye anajifunza kukishika. Kitabu kikirudi na doa la uji, najua kilifunguliwa karibu na jiko, mahali watu walipo.

Sasa nije kwa familia, maana hapa ndipo penye hofu nyingi zaidi. Bibi mmoja anayelea wajukuu aliniambia mlangoni mwa maktaba, "Mwalimu, mimi sikusoma. Nitamfundisha nini huyu?" Nilimjibu, "Bibi, naomba umsikilize tu, na umwulize." Tukakaa hapo hapo kwenye benchi. Mjukuu, wa Darasa la Tatu, akasoma hadithi ya fisi aliyevizia nyama iliyoning'inizwa mtini. Bibi alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akauliza kwa Kiluguru: huyo fisi alijuaje kuwa nyama iko juu, na usiku ule hapakuwa na mwezi? Mtoto akanyamaza. Akarudi nyuma kurasa mbili, akapitisha kidole kwenye mistari, akapata: fisi alifuata harufu. Akamweleza bibi yake, kwa Kiluguru vilevile.

Mwalimu yeyote wa lugha ataona kilichotendeka pale. Mtoto alirudi kwenye maandishi kutafuta ushahidi, akaupata, akauhamisha kutoka lugha ya kitabu kwenda lugha ya nyumbani kwao. Huo ndio ufahamu tunaoupima kwenye mitihani, na aliyeutoa ni bibi asiyejua kusoma herufi. Maswali ya "nani" na "wapi" mtoto huyajibu kwa kukumbuka neno tu. Swali la "alijuaje" au "kwa nini hakukimbia" linamlazimisha afikiri. Na lugha ya nyumbani isiwatie aibu, iwe Kiluguru, Kisukuma au Kichaga. Hadithi ikieleweka kwa lugha moja, imeeleweka.

Kwa mzazi anayejua kusoma, ombi langu kubwa ni subira. Mtoto akikwama, usimrukie na neno. Hesabu moja hadi tano moyoni. Asipopata, mwambie aanze sentensi upya, kwa sababu mara nyingi maneno ya mwanzo humsaidia kukisia linalofuata. Akishindwa tena, mpe neno, muendelee, bila hotuba. Akikosea neno lakini maana haijaharibika, mwache amalize kwanza. Kofi na kitabu visikutane kamwe. Mtoto aliyepigwa kwa kushindwa kusoma hujifunza kwamba kitabu kinaleta maumivu, na kumtoa huko ni kazi ya miaka.

Muda si mrefu, dakika 15 zinatosha. Maharage yakiwa jikoni yanachukua zaidi ya hapo kuiva. Mtoto akae karibu asome. Siku umeme umekatika, simulieni. Tega kitendawili, akishindwa akupe mji, nawe umpe jibu. Watoto waliokulia kwenye vitendawili na ngano huja shuleni wameshazoea kwamba hadithi ina mwanzo, ina fundo na ina kufunguka kwa fundo, na hilo huwasaidia sana wanapokutana na hadithi ndefu za rangi ya bluu.

Nyumba isiyo na kitabu hata kimoja bado ina maandishi. Mfuko wa unga, pakiti ya majani ya chai, ubavu wa daladala. Na kanga ya mama! Jina la kanga ni maneno kamili, yamechapwa kwa herufi kubwa, na karibu kila mara yana maana ya ndani. Mwambie mtoto asome, kisha mzungumze nani anaambiwa nini. Nina darasa ambalo watoto waliandika majina ya kanga za nyumbani kwao kwenye kadi, tukazibandika ukutani, na hakuna kona iliyosomwa kama ile.

Shughuli ninayoipenda kupita zote ni kitabu cha familia. Mchukue karatasi nne za A4, mzipange pamoja, mkunje katikati, mshone kwa sindano na uzi kwenye mkunjo. Mmepata kitabu cha kurasa 16. Babu au shangazi asimulie ngano anayoijua, mtoto aandike sentensi moja au mbili chini ya kila ukurasa, juu achore. Jina la msimuliaji na la mwandishi yakae kwenye jalada. Kikiletwa shuleni nakipa namba na kipande cha rangi kama vingine, kinapangwa rafuni, kinaazimwa. Watoto hugombania vitabu hivi kwa sababu wanamfahamu mwandishi, yuko dawati la pili. Na ngano za Waluguru ambazo sijaziona popote kwenye maandishi sasa ziko kwenye rafu yetu.

Kuhusu kupata vitabu zaidi: Maktaba ya Mkoa, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ipo kwa ajili ya familia pia, si wanafunzi wa vyuo pekee. Wanaofika Dar es Salaam wapite na watoto Maktaba Kuu ya Taifa, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza 1991, umewasaidia wachapishaji kutoa hadithi za Kiswahili na kuzifikisha kwenye maktaba za shule. Vitabu vingi vilivyochakaa kwa kusomwa sana katika maktaba ninazozijua vilipita mikononi mwao.

Mwenye simu janja ana chanzo kingine. Tovuti ya African Storybook, iliyozinduliwa Afrika Kusini mwaka 2014, ina hadithi za picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, zimepangwa kwa ngazi tano, na leseni yake inaruhusu kupakua na kuchapa. StoryWeaver ya India, ya mwaka 2015, inafanya vivyo hivyo. Pakueni mahali penye mtandao mzuri, msome baadaye bila kutumia bando. Zisome mwenyewe kwanza, kwani nyingine zimetafsiriwa na watu wa kujitolea na Kiswahili chake hakijanyooka. Na simu ishikwe na mtu mzima, mtoto akae ubavuni mwake. Akiachiwa peke yake, baada ya ukurasa wa pili atakuwa kwenye mchezo.

Wazazi wengine huniuliza kama wasianze na Kiingereza moja kwa moja, ili mtoto asichelewe. Nawashauri waanze na lugha ambayo mtoto anaiota. Kujua kwamba maandishi yana maana, kukisia kinachokuja, kurudi nyuma kutafuta jibu, yote hayo mtoto akiyapata kwa Kiswahili anayabeba kwenda nayo kwenye Kiingereza. Akianzia kwenye lugha asiyoielewa, tunamrudisha kwenye kutamka bila kuelewa, ugonjwa ule ule tulioanza nao.

Likizo ya Desemba inakaribia, na shule nyingi hukusanya vitabu vyote kabla ya kufunga. Sisi tunafanya kinyume. Wiki ya mwisho kila mtoto wa Darasa la Kwanza hadi la Nne anaondoka na vitabu viwili, kimoja anachoweza kusoma mwenyewe na kimoja cha kusomewa, pamoja na karatasi tupu nne kwa ajili ya kitabu cha familia. Mzazi anakuja kusaini kwenye daftari, na hapo ndipo ninapopata dakika chache za kumwonyesha jinsi ya kuuliza. Asiyeweza kuja anatuma kaka au dada mkubwa. Tena hao ndugu wakubwa ni wasomeshaji wazuri mno, mradi waonyeshwe kusubiri. Januari tunahesabu vilivyorudi, tunabandika vilivyochanika, na vitabu vipya vya familia vinapewa namba.