Uvimbe haukasiriki kwa sindano

"Daktari, usikiguse. Kikiguswa kitakasirika." Juzi nimeambiwa hivyo tena, na baharia wa Matondoni aliyekuja kupigwa picha ya bega baada ya kuteleza jahazini. Bega lilikuwa zima, ila pembeni mwa picha kulikuwa na doa juu ya pafu. Nilipomkagua nikapapasa kinundu kigumu kichwani, ambacho yeye alikiona ni jipu lililokataa kuiva.

Uvimbe hauna hasira. Sindano ya kutoa kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara, kusambaza kansa ni jambo la nadra mno, na kansa iliyotoka pafuni ikafika kichwani haikungoja sindano yangu. Ilisafiri na damu. Watu huona jirani amekatwa leo, mwezi ujao anazikwa, lawama zikaangukia kisu, na miezi aliyokaa na uvimbe wake akiukanda kwa mafuta haitajwi. Inaniuma sana, kwa sababu bila kinyama siwezi kutibu: huenda ni jipu, huenda ni TB, na kama ni kansa, lazima nijue imetoka wapi. Maabara hupaka seli rangi maalumu, asili yake ikaonekana. Kansa ya pafu iliyoota chini ya ngozi hubaki kansa ya pafu na hutibiwa hivyo. Tena kinundu kile kilimfaa baharia, maana kuchoma sindano kichwani ni rahisi na salama kuliko kuipitisha kifuani. Alikubali siku ya nne, dada yake mkubwa aliposimama kidete.

Wagonjwa huniambia na mengine. "Sikohoi, basi pafu langu zima." Nyama ya pafu haisikii maumivu. Uvimbe wa pembeni hukua kimya, hata mgonjwa akaja na mgongo unaouma au degedege la ukubwani, kansa ikiwa imeshafika mfupani au ubongoni.

"Sijavuta sigara." Tumbaku ndiyo sababu kuu, lakini wasiovuta pia huugua.

"Doa pafuni ni TB tu." Hapa Lamu huenda ikawa kweli, basi makohozi yapimwe. Ukimeza dawa za TB ipasavyo na doa likazidi kukua, usingoje miezi 6 iishe. Rudi.

Na tafadhalini, msitupe filamu za eksirei. Doa lililokaa vile vile miaka 2 kwa kawaida si kansa, nami nitalijuaje bila picha ya zamani? Itieni kwenye bahasha, iwekeni chini ya godoro, mje nayo.