Ushindani wa watengeneza chipu: kwa nini i5 mbili hazilingani bei

Laptopu mbili za mtumba zimekaa juu ya meza ya duka moja Mwanjelwa, Mbeya, zote zina stika ya i5, daraja mojawapo la prosesa (chipu kuu inayoendesha kompyuta) za kampuni ya Intel, zote kioo inchi 14. Moja inaizidi mwenzake laki moja. Mwanafunzi anauliza, "Kaka, si zote i5?"

"Soma namba ya nyuma, mdogo wangu."

Moja ni i5-7200U, ya kizazi cha saba, nyingine i5-8250U, ya kizazi cha nane. Ya kwanza ina viini viwili, ya pili vinne. Kiini ndiyo sehemu ya prosesa inayopiga hesabu yenyewe, kwa hiyo vikiongezeka, kazi nyingi hufanyika kwa pamoja. Prosesa hizo zimepishana mwaka mmoja tu, 2016 na 2017, ilhali i5 za laptopu nyembamba zilikuwa zimekaa na viini viwili kwa miaka mingi.

Kilichotokea katikati ndicho kinachoitwa ushindani. Prosesa nyingi za kompyuta za Windows ni za ukoo wa x86, ulioanzia Intel mwaka 1978. Wanaoutengeneza ni wachache, na wakubwa ni kampuni mbili: Intel na AMD. Kampuni ya IBM, ilipotoa kompyuta yake ya PC 1981, haikutaka kutegemea muuzaji mmoja wa chipu, na ndiyo sababu AMD ilipewa nafasi ya kutengeneza chipu za Intel. Baadaye ikaja kuwa mpinzani, ingawa kuna miaka ilidhoofika kiasi kwamba Intel haikuwa na wa kumkimbia. Machi 2017 AMD ikaleta prosesa zake mpya, Ryzen. Ile ya juu, yenye viini 8, iliuzwa dola 499, wakati Intel ya viini 8 ilikuwa zaidi ya dola 1,000. Agosti ya mwaka huohuo 8250U ya Intel ikatoka. Mimi siamini kwamba ni bahati tu. Mwaka 2019 Intel ilitangaza prosesa ya viini 18 kwa dola 979. Iliyoitangulia, yenye viini 18 vilevile, ilikuwa dola 1,979.

Ila bei kukatwa nusu namna hiyo ni nadra. Mara nyingi ushindani huu unafanana na wa mabasi ya Mbeya na Dar: nauli hazipishani sana, lakini huyu anakupa soda na maji, yule anaweka chaji ya simu kwenye kila siti. Hela ni ileile, unachopata kimeongezeka.

Halafu prosesa si kompyuta nzima. RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ina wakubwa wake watatu, Samsung, SK Hynix na Micron, na bei yake ikipanda, Intel na AMD wagombane wasigombane, kompyuta itapanda. Bado hujagusa bei ya dola na usafiri wa kutoka Dar. Kwetu huku hata faida yenyewe huchelewa, maana nyingi ya laptopu hizi hutufikia baada ya ofisi za ng'ambo kuzitumia miaka kadhaa na kuzitupa.

Na tuseme kweli, laki ile si ya viini peke yake. Windows 11 rasmi inakubali prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, isipokuwa chache sana, kwa hiyo 7200U iko nje.

Mwanafunzi akachagua 8250U, akaomba apunguziwe. Bei haikushuka. Akaongezewa begi na mausi.