Anova kwenye mauzo ya dagaa: ukisahau mbalamwezi, umepotea

Wafanyabiashara wa hapa Kigoma wanaoniletea madaftari yao ya mauzo huwa wameshapiga wastani. Swali linalobaki ni kama kibanda kinachoongoza kinaongoza kweli, au zile siku zilikuwa zake tu. Swali hilo ni la anova, njia ya kulinganisha wastani wa makundi aliyoijenga Ronald Fisher miaka ya 1920 akiwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza.

Kulinganisha vibanda viwiliviwili hakufai. Vibanda vitatu vina jozi tatu, na kila kipimo kikiwa na ruhusa ya kukudanganya mara 5 katika 100, ukivijumlisha hatari inaweza kupanda hadi karibu 14. Anova inauliza mara moja tu: wastani wa vibanda unatofautiana kiasi gani, ukilinganisha na mauzo yanavyopanda na kushuka ndani ya kibanda kimoja? Gawanya cha kwanza kwa cha pili, unapata F.

Sasa chukua namba hizi, nimezitunga ili hesabu iwe nyepesi. Ni kilo za dagaa wabichi za vibanda vitatu kwa siku nne, mbili za giza na mbili za mbalamwezi. Kibirizi: 200, 180, 100, 80. Mwanga: 180, 170, 70, 60. Ujiji: 170, 150, 50, 30. Wastani ni 140, 120 na 100.

Anova ya kawaida inatoa F ya 0.39 hivi, wakati ili ushtuke inatakiwa ivuke kizingiti cha 4.26, kinachosomwa kwenye jedwali la F. Ukiishia hapo utamwambia mwenye mali kwamba vibanda vyake ni sawa. Lakini hebu zisome namba siku kwa siku: Kibirizi inaongoza siku zote nne, Ujiji inashika mkia siku zote nne! Kilichovuruga hesabu ni mwezi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa haziwavuti vizuri. Wavuvi wengi hupumzika. Kupanda na kushuka huko kumerundikwa kwenye kigawanyo, F ikazama.

Dawa yake ni kuipa siku nafasi yake kwenye hesabu, kama Fisher alivyotenga vipande vya shamba vyenye rutuba tofauti. Jumla ya miraba ndani ya vibanda (umbali wa kila siku kutoka wastani wa kibanda chake, ukizidishwa kwa wenyewe, kisha yote yakajumlishwa) ilikuwa 37,400. Siku peke yake inabeba 37,133. Yanabaki 267 tu, na F inaruka hadi 36, kizingiti kikiwa 5.14. Mauzo halisi hayanyooki hivi, msitegemee 36 kila mara. Kwenye Excel, chagua anova ya vigezo viwili isiyo na marudio.

Yote haya yanadai vibanda vihesabiwe siku zilezile. Ukileta Kibirizi ya giza na Ujiji ya mbalamwezi, hakuna fomula itakayowatenganisha mwezi na kibanda, na mimi nitakurudisha ukahesabu upya.

F ikishavuka, bado haijakwambia kibanda kipi kinamzidi kipi. Hapo tumia kipimo cha Tukey, kinacholinganisha jozi zote bila kuipandisha ile hatari ya kudanganywa. Na kama una siku chache zenye mauzo ya ajabuajabu, panga vibanda kwa nafasi kila siku, cha kwanza hadi cha tatu, utumie kipimo cha Friedman cha mwaka 1937. Ndiyo, Milton Friedman yuleyule mchumi.